Koko anasahau, si mchawi: mambo ya kujua juu ya demensia na namna ya kuchunga wazee wetu

Katika makartiye na vijiji vyetu, mzee akianza kupotea njia, kusema peke yake ao kuuliza swali moja mara kumi, wengine wanasema ni uzee tu, wengine wanasema ni uchawi. Watafiti waliofanya kazi Brazzaville, Bangui, Kinshasa na kule Tanzania wanaonyesha kitu kingine: ni ugonjwa wa ubongo. Dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini jamaa inaweza kufanya mengi. Soma, na umusomee yule aliye karibu nawe.

HADITHI AMBAYO WENGI WANAIJUA

Ni saa kumi ya usiku. Koko ameamuka, amejifunga kitenge, ameshika kitunga chake na anahangaika na kufuli ya mlango. Bibi ya mtoto wake anatoka mu chumba.

— Koko, unaenda wapi saa hii?

— Niko naenda ku shamba. Mama ananingojea.

Mama yake koko alikufa miaka makumi ine iliyopita, na lile shamba liliuzwa zamani. Siku inayofuata koko analalamika: «Mumeniiba feza yangu.» Feza inakutwa ndani ya mfuko wa unga, fasi alipoiweka mwenyewe. Kisha wiki mbili, jirani anamukuta usiku amesimama mbele ya mlango wa nyumba isiyo yake, kimya. Bahati mbaya, wiki hiyo hiyo mtoto wa jirani anashikwa na homa. Ku bomba ya maji, wamama wanaanza kusemezana. Neno ambalo hakuna aliyetaka kulitaja linatajwa.

Hadithi kama hii inapita katika nyumba nyingi, na mwisho wake unategemea kitu kimoja: kama watu wa ile nyumba wanajua wanaona nini.

DEMENSIA NI NINI?

Demensia ni jina la kundi la magonjwa yanayoharibu ubongo pole pole. Mtu anapoteza uwezo wa kukumbuka, wa kufikiri, wa kujua saa na fasi, wa kutafuta maneno, mpaka kazi za kila siku zinamushinda: kupika, kuhesabu feza, kuvaa, kurudi nyumbani. Watu wengi wanasema tu «ugonjwa wa kusahau». Jina hilo ni zuri, kwani halimutukani mgonjwa. Kwa Kifaransa neno «dément» linasikilika kama kumuita mtu kichaa, na hiyo inafanya jamaa nyingi zifiche mgonjwa.

Aina inayopatikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema unachukua kati ya 60 na 70 kwa mia ya wagonjwa wote. Ndani ya ubongo wa mgonjwa, protini mbili zinazoitwa amiloidi na tau zinajikusanya fasi ambayo hazipaswi kuwa, na seli za ubongo zinakufa. Aina ya pili inatokana na mishipa ya damu: tansio ya juu isiyotunzwa inaziba ao inapasua mishipa midogo, na kila mara sehemu ndogo ya ubongo inakosa damu. Mzee mmoja anaweza kuwa na aina zote mbili pamoja.

Kwa hesabu ya OMS, mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na zaidi ya 60 kwa mia kati yao wanaishi katika inchi zenye mapato madogo ao ya kati. Kila mwaka wanaongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Kwa hiyo si ugonjwa wa Wazungu, na si ugonjwa wa matajiri.

UZEE WA KAWAIDA AO UGONJWA?

Kila mtu anasahau. Ubongo wa mtu wa miaka 75 hauendi mbio kama wa kijana, na hiyo si ugonjwa. Angalia tofauti hizi:

– Mzee wa kawaida anasahau fasi aliweka miwani, kisha anafikiri na kuipata. Mgonjwa anaweka miwani ndani ya sufuria, kisha anasema wameiiba.

– Mzee wa kawaida anasahau jina la mtu wa mbali. Mgonjwa anaanza kusahau majina ya watoto wake, ao anamuita binti yake «mama».

– Mzee wa kawaida anauliza leo ni siku gani. Mgonjwa anauliza, unamujibu, na kisha dakika mbili anauliza tena, na hajui kama aliuliza.

– Mzee wa kawaida anachoka kupika. Mgonjwa aliyepika sombe miaka makumi tano hajui tena kinachoanza na kinachofuata.

– Mzee wa kawaida anapotea katika mji mgeni. Mgonjwa anapotea njiani akitoka kanisani, njia aliyopita maisha yake yote.

Alama zingine ni tabia inayobadilika. Mtu mpole anakuwa mkali, mtu mwenye haya anavua nguo mbele ya watu, mtu wa watu anajifungia. Wengi wanahangaika zaidi jua likizama: wanatembea-tembea, wanataka «kurudi kwetu» hata kama wako kwao. Wengine wanaona ao wanasikia vitu ambavyo haviko. Hakuna hata moja kati ya alama hizi inayofanywa kwa kusudi.

IKIANZA KWA GAFULA, KIMBIA HOPITALI

Hapa tunaomba kila msomaji asimame kidogo. Demensia inakuja pole pole, kwa miezi na miaka. Kama mzee alikuwa sawa siku ya posho, na siku ya yinga anasema maneno yasiyo na kichwa wala mguu, hiyo si demensia ya kungojea. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo ao ya mapafu, sukari iliyoshuka ao iliyopanda, kukauka kwa mwili, dawa zilizochanganywa, ao mshipa uliopasuka mu kichwa baada ya kuanguka. Mengi kati ya hayo yanatibiwa, lakini masaa ni ya maana. Akiwa na mdomo uliopinda, mkono ao mguu uliolegea, usingoje asubui.

Kuna pia magonjwa yanayojifananisha na demensia. Huzuni kubwa, kwa mfano ya mtu aliyepoteza bwana, watoto na nyumba katika vita, inaweza kufanya mzee anyamaze, asile, asahau. Upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tiroidi, kaswende ya zamani, VVU, pombe kali ya miaka mingi, vyote vinaweza kuchanganya akili. Na mara nyingine mzee hajibu kwa sababu hasikii tu, masikio yamezibwa. Ndiyo maana munganga ao muuguzi anapaswa kumuona kwanza, mbele ya jamaa kusema «ni uzee».

WATAFITI WAMEKUTA NINI AFRIKA?

Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza. Mwaka 1998 watafiti walianzisha kundi lenye jina la ajabu, 10/66. Jina hilo ni hesabu: wagonjwa 66 kwa mia walikuwa wanaishi katika inchi maskini na za kati, lakini chini ya 10 kwa mia ya uchunguzi ilifanyika kwao.

Kazi ya kwanza kubwa ya Afrika ilianza Ibadan, Nigeria, mwaka 1992. Walilinganisha wazee Wayoruba wenye miaka 65 na zaidi na wazee Waamerika weusi wa mji wa Indianapolis, kule Marekani, kwa kutumia namna moja ya kupima. Matokeo ya mwaka 1995 yalishangaza: Ibadan walipata wagonjwa karibu 2 kwa mia, Indianapolis karibu 5 kwa mia kati ya wazee wanaoishi nyumbani. Ile kazi ilifundisha yakwamba damu ya mababu si kila kitu. Chakula, tansio, sukari na namna ya kuishi vina sehemu yao.

Kisha uchunguzi ukaja karibu na sisi. Kati ya 2008 na 2009, watafiti pamoja na Chuo Kikuu cha Limoges cha Ufaransa walipita nyumba kwa nyumba Bangui na Brazzaville, wazee karibu 500 kila mji. Bangui walikuta demensia kwa wazee 8,1 kwa mia, Brazzaville 6,7 kwa mia. Ukichukua hesabu ya Brazzaville, ni kusema katika kanisa yenye wazee mia moja wa miaka 65 na zaidi, karibu saba ni wagonjwa. Mwaka 2011 na 2012 walirudi na uchunguzi mkubwa zaidi, unaoitwa EPIDEMCA, wakafika pia vijijini, Nola upande wa Centrafrique na Gamboma upande wa Congo-Brazzaville. Zaidi ya wazee 2.000 waliulizwa.

Tanzania, katika wilaya ya Hai chini ya mlima Kilimanjaro, timu ya Watanzania na Waingereza iliwapima wazee 1.198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2013: karibu 6,4 kwa mia walikuwa na demensia. Maongezi na jamaa za huko yalionyesha jambo ambalo sisi tunalijua: wengi walidhani kupotewa na akili ni sehemu ya uzee, basi hawakuona sababu ya kwenda hopitali.

Na hapa kwetu? Kinshasa, Profesa Jean Ikanga, mtaalamu wa ubongo na tabia anayefanya kazi na Chuo Kikuu cha Kinshasa na cha Emory kule Marekani, anaongoza timu inayopima kumbukumbu ya wazee Wakongomani pamoja na damu yao, kwa kutafuta zile protini za Alzheimer. Kazi hiyo ni ya maana kwa sababu mipimo mingi ya damu ilitengenezwa kwa kuangalia Wazungu, na mwili wa mtu wa Kinshasa, mwenye malaria na tansio isiyotunzwa, unaweza kutoa hesabu tofauti.

NAMNA GANI WANAPIMA MTU AMBAYE HAKUSOMA?

Swali hili ni la haki. Mipimo ya Ulaya inaomba mtu aandike sentensi, achore saa, ahesabu toka mia kurudi nyuma kwa kuondoa saba. Mama aliyelima maisha yake yote bila kwenda masomoni atashindwa, na akili yake iko sawa kabisa.

Kwa hiyo, Ibadan na Indianapolis walitumia mpimo unaouliza pande mbili: mzee mwenyewe, na mtu wa jamaa anayeishi naye. Jamaa anaulizwa kama mzee anafanya bado kazi zake, kama anapotea, kama tabia imebadilika. Kule Hai walitengeneza mpimo mfupi, kwa Kiswahili, unaoitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, nani ni mkubwa wa kijiji, daraja ni kitu gani. Anaombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anasikia maneno kumi, na baadaye anaulizwa ni yapi anakumbuka. Mwishoni anapewa njiti za kiberiti ili apange mfano alioonyeshwa. Hakuna kalamu, hakuna karatasi kwa mzee. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kujifunza kuufanya.

Mpimo huo hausemi «huyu ni mgonjwa». Unasema tu: huyu inafaa aangaliwe zaidi.

NA UCHAWI JE?

Tusifiche jambo hili. Mwaka 2021 vyombo vya habari viliripoti wamama, wengi wazee, waliouawa ao kuchomwa moto Kivu ya Kusini, katika teritware za Kabare, Kalehe na Walungu, baada ya kushitakiwa uchawi. Hatusemi kila mmoja wao alikuwa na demensia. Lakini angalia alama zile ambazo watu wanaziita za mchawi: anatembea usiku, anasema na wafu, anavua nguo, anasimama mbele ya nyumba za watu, anaitika «ndiyo» kwa kila swali. Ukizisoma mbele ya munganga wa ubongo, atakuambia ni alama za ugonjwa.

Ile «ndiyo» inaua. Mgonjwa wa demensia anaweza kukubali jambo ambalo hakulifanya, kwa sababu haelewi swali, anaogopa, ao anataka makelele yaishe. Watu wanasema: «Amekiri mwenyewe!» Lakini mtu asiyejua leo ni siku gani hawezi kutoa ushuhuda juu yake mwenyewe.

Uchunguzi uliofanyika Congo-Brazzaville na wagonjwa na jamaa zao ulikuta mambo hayo: mwanzoni nyumba inasema ni uzee, kisha tabia ikibadilika zaidi mawazo ya uchawi yanaingia, na mzee anaweza kutengwa, kutukanwa ao kuteswa.

Kumbuka pia yakwamba mgonjwa wa kwanza ambaye munganga Alois Alzheimer alimuandikia, mama Mjerumani mwenye jina Auguste Deter, alikuwa anaficha vitu, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe na anamushuku bwana yake. Ilikuwa Frankfurt mwaka 1901. Alama ni zile zile za koko wa Kadutu ao wa Butembo, kwa sababu ubongo ni ule ule.

Sheria inasema nini? Katiba ya inchi yetu, kifungu cha 49, inawapa watu wa miaka mingi haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, kufuatana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya roho. Sheria ya jinai inaazibu anayemuchafulia mwengine jina mbele ya watu, na pia mapimo ya ushirikina, yale ya kunywesha mtu kitu ili «ukweli utoke». Umoja wa Afrika nao ulikubali mwaka 2016 mapatano juu ya haki za wazee, yanayotaja wazi mashitaka ya uchawi kuwa kitu cha kuondolewa.

Na maombi? Hakuna anayeyakataza. Wimbo aliouimba tangu utoto unaweza kumutuliza mgonjwa kuliko kidonge. Lakini kumufungisha chakula, kumufunga kamba, kumupiga «ili pepo atoke», hiyo ni hatari ya kifo. Mwili wa mzee unakauka haraka, na ukikauka akili inachanganyika zaidi.

DAWA IKO?

Dawa inayoponya haipo. Kuna vidonge, kama donepezili, vinavyosaidia kidogo wagonjwa fulani wa Alzheimer kwa muda. Tangu 2023 Marekani inatumia dawa mpya ya kuchoma sindano, lekanemabu, inayopunguza kidogo mwendo wa ugonjwa ukiwa mwanzoni. Inadai mashine kubwa za kupiga picha ya ubongo na feza nyingi sana. Basi anayekuuzia chupa sokoni akisema inarudisha kumbukumbu, anakula feza yako.

Kinachosaidia zaidi leo ni matunzo, na uchunguzi umekionyesha.

Kule Goa, India, watafiti walichukua jamaa 81 zinazochunga mgonjwa. Walifundisha watu wa kawaida wa eneo, wakawaita washauri wa nyumbani. Hao walielezea jamaa ugonjwa ni nini, namna ya kujibu tabia ngumu, na namna ya kugawa kazi. Baada ya miezi sita, wenye kuchunga mgonjwa walikuwa na afya ya roho iliyo nzuri kuliko wale ambao hawakuwa bado wamesaidiwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Kundi la 10/66 lina programu kama hiyo ya kufundisha jamaa, vipindi vitano tu vya karibu nusu saa. Kwa zone ya afya yenye wareko wanaopita nyumba kwa nyumba, si kazi isiyowezekana.

Hai nako walijaribu vikundi vya wazee wagonjwa: vipindi 14 katika wiki saba, wakiongea, wakiimba, wakicheza, wakikumbuka mambo ya zamani. Walikuwa wazee 34, ni wachache, lakini akili yao ilisogea mbele kidogo na wasiwasi ulipungua. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2017. Kilichohitajika ni viti, mtu aliyefundishwa na usafiri wa kuwafikisha.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Usibishane naye. Akisema mama yake anamungojea, usimuambie «mama yako alikufa». Kwake ni habari mpya, atalia kama ni leo. Muulize: «Mama yako alikuwa anapika nini?» Wakati anaeleza, mwili unatulia.

Sema kidogo, pole pole, mbele ya macho yake. Swali moja kwa mara moja. «Utakula bugari ao viazi?» ni bora kuliko «Unataka nini?»

Weka siku zifanane. Kuamuka, kunawa, kula, kutembea, kulala, vyote kwa saa zile zile. Washa taa mbele giza liingie, kwani kivuli kinamuogopesha.

Mupe kazi anayoiweza. Kuchambua maharage, kukunja nguo, kufagia. Hata kama utarudilia nyuma yake, usimunyanganye. Mtu asiye na kazi anatafuta mlango.

Ondoa hatari. Dawa, petroli, panga, mbabula yenye moto, viwekwe mbali. Shimo la choo lifunikwe na njia yake iwe wazi.

Mpangie namna ya kupatikana. Shona ndani ya nguo yake karatasi iliyofungwa na plastiki yenye jina lake na namba ya simu ya jamaa. Waambie jirani, shefu wa avenyi, wenye moto wa kituo cha karibu na muuza duka: «Mukimuona peke yake, mumushike mkono kwa upole, mutuite.» Kusema wazi ni mgonjwa kunamulinda, kumuficha ndiko kunaleta masemi.

Angalia mwili. Mgonjwa hasemi kila mara «ninaumwa». Akianza kupiga kelele ao kukataa kula, angalia meno, tumbo, mkojo, vidonda vya mgongo. Mupe maji mara kwa mara, usingoje aombe.

Usimufunge kamba, na usimupe vidonge vya usingizi bila munganga. Vinamuangusha, na mfupa wa nyonga ukivunjika mara nyingi hasimami tena.

WAKATI WA KUKIMBIA

Kwa sisi wa mashariki, kuna sura ambayo vitabu vingi havina. Mgonjwa wa demensia anaishi kwa mazoea: kitanda chake, mlango wake, sauti za kartiye yake. Vita ikifukuza jamaa, vyote vinapotea kwa saa moja. Kambini hema zinafanana, na anayeenda chooni anaweza asirudi.

Jamaa yenye mgonjwa ijipange mbele: ni nani atamushika mkono siku ya kukimbia, na si mtoto mdogo. Ile karatasi ya jina iwe tayari. Chukueni kitu kimoja anachokijua: blanketi yake, kitenge, rozari, redio ndogo. Mkifika, mfungie kitambaa cha rangi mbele ya hema, na muonyeshe viongozi wa kambi huyo mzee ni nani. Wakati wa kuandikisha watu, semeni wazi ana ugonjwa wa akili, asisimamishwe foleni.

ANAYECHUNGA NANI ANAMUCHUNGA?

Mara nyingi ni mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, ao bibi ya mtoto. Halali usiku, ameacha biashara yake sokoni, na ndugu walio Kampala ao Ulaya wanatuma feza kidogo na lawama nyingi. Siku moja anapiga kelele, siku nyingine anainua mkono, kisha anajichukia.

Kuchoka si zambi. Jamaa ikutane, hata kwa simu, igawe: nani analala kwake siku gani, nani analipa sabuni na chakula, nani anapeleka hopitali. Anayechunga apate siku moja ya juma ya kupumzika. Asiyeweza kuja atume feza ya kumulipa atakayekuja.

KUZUIA INAWEZEKANA?

Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa gazeti la Lancet ilitaja sababu 14 zinazoweza kupunguzwa, na kuhesabu yakwamba duniani karibu nusu ya ugonjwa, 45 kwa mia, ingeweza kuzuiwa ao kuchelewa. Kwa nyumba zetu hii ni kusema: pima tansio na sukari, na dawa ya tansio usiiache kwa kuwa «nimejisikia vizuri». Acha tumbako, punguza kanyanga na lutuku. Vaa kofia ngumu ku moto. Tunza masikio na macho. Toa moshi wa makala ndani ya nyumba. Usimuache mzee peke yake siku nzima. Na peleka watoto masomoni, wasichana pia, kwani ubongo uliosoma utotoni unavumilia zaidi uzeeni.

UENDE WAPI?

Anza na kituo cha afya cha karibu: wapime malaria, mkojo, tansio, sukari, wasikilize na jamaa. OMS ina mwongozo, mhGAP, unaofundisha wauguzi na wanganga wasio wa ubongo namna ya kumuangalia mgonjwa wa demensia. Uliza kama mmoja wa kituo chenu alifundishwa. Kwa magonjwa ya akili, Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na Kinshasa kuna CNPP ya chuo kikuu. Mtu akitishiwa kwa neno la uchawi, usingoje: toa habari kwa shefu wa kartiye, kwa polisi, na umutoe mzee pale mbele ya usiku.

Tarehe 21 ya mwezi wa tisa kila mwaka ni siku ya dunia ya Alzheimer. Siku hiyo makanisa, misikiti na vyama vya wamama wanaweza kutoa nusu saa tu kueleza ugonjwa huu.

Turudi kwa koko wetu, saa kumi ya usiku, mbele ya mlango. Bibi ya mtoto wake anaweza kumuvuta na kumufokea, na kartiye nzima itaamuka. Ao anaweza kumushika mkono na kumuambia: «Koko, giza ingali. Tunywe chai kwanza, kukicha tutaenda pamoja.» Koko atakaa. Kukicha atakuwa amesahau shamba, na jirani hatakuwa na kitu cha kusema ku bomba.